Dodoso lako nimelisoma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini nawe u mzima pamoja na wote hapo nyumbani. Dodoso lako la kulinganisha maisha ya mjini na kijijini nimelisoma lote, na sitaki kukuficha: maswali yake yameelemea mjini. Kijiji kimeshindwa kabla hakijaulizwa.

Chukua swali la maji. Umeandika, "Je, una bomba nyumbani?" Wa mjini atajibu ndiyo, hata kama bomba lenyewe hutoa maji usiku wa manane tu, tena kwa kubahatisha. Wa kijijini anayechota kwenye kisima cha pampu kilichojengewa vizuri, hatua chache kutoka mlangoni, atajibu hapana. Kwenye jedwali lako wa kwanza anayo maji, wa pili hana! Kipimo cha kimataifa cha Umaskini wa Nyanja Nyingi, kilichoanza mwaka 2010, huuliza kama chanzo ni salama na kama kwenda na kurudi kunachukua chini ya dakika 30. Fuata njia hiyo, halafu uliza wiki iliyopita maji yalikosekana siku ngapi. Na anayejibu awe yule anayechota, si mkuu wa kaya aliyekaa barazani.

Kwenye mapato ni vilevile. Chakula ambacho familia imelima na kukila yenyewe kithaminishe kwa bei za hapohapo, la sivyo mkulima ataonekana hana kitu, na mpangaji wa mjini ataonekana tajiri kwa sababu tu ya fedha zinazopita mkononi mwake kwenda kulipa kodi ya nyumba inayommaliza.

Jambo jingine, hujasema kijiji ni kipi. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia utaratibu wa kugawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita moja: miraba inayopakana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, na jumla yao isipungue 50,000, huhesabiwa jiji. Chini yake ipo miji midogo, kisha ndiyo vijiji. Hiyo miji midogo ukiitupa upande wowote bila kufikiri, wastani wako wote unahama.

Swali la ngazi, la mtu kuyapa maisha yake alama kuanzia 0 hadi 10, nimelipenda sana. Liache. Ila usilijumlishe na mengine ili upate namba moja. Mchumi Amartya Sen alionya zamani kwamba mtu aliyezoea dhiki hupunguza matarajio yake, akasema ameridhika. Mama anaweza kujipa 8 na zahanati iko mbali kiasi kwamba amejifungulia njiani. Ile 8 ni kweli yake, iheshimu. Na umbali wa zahanati uuandike kando yake, msomaji avione vyote viwili.

Nitumie dodoso jipya kabla hujawatuma wadadisi. Nitalisoma usiku huohuo.

Wako akupendaye,
Rafiki yako