Kabati la Bisley: kagua mikunjo na reli

Swahibu yangu,

Salaam nyingi. Nimefurahi kusikia mmepata chumba cha ofisi huko Birmingham. Umeuliza kama uchukue makabati ya mafaili ya Bisley, kampuni ya Uingereza ya samani za bati za ofisi, yaliyotumika, au mapya ya bei rahisi ya kampuni nyingine. Chukua Bisley, lakini uyakague kabla hujalipa.

Kampuni hii haikuanza na samani. Freddy Brown aliianzisha mwaka 1931 ikiwa gereji ya kunyoosha bodi za magari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa imehamia kijiji cha Bisley, Surrey, kijiji kilichokwisha kuwa na jina kwa mashindano ya kulenga shabaha, ikafanya kazi za jeshi. Baada ya vita wakaingia kwenye vifaa vya ofisi, na wakaanza na kapu la taka la bati. Mwaka 1958 likatoka kabati lao jembamba la droo nyingi, MultiDrawer, na mpaka leo linauzwa. Kiwanda kiko Newport, Wales.

Mimi naamini ile gereji ndiyo iliyowafunza. Fundi bodi anajua kuwa bati likiachwa tambarare linayumba. Likikunjwa ukingo linakakamaa bila kuongezeka uzito. Chomoa droo ya MultiDrawer uitazame kwa chini, utauona mkunjo. Shika pembe mbili za droo uipinde kidogo. Ikijisokota, ilishabebeshwa mzigo kupita kiasi, iache.

Kwa kabati kubwa la droo nne, shughuli iko kwenye reli, vile vyuma vya pembeni ambavyo droo huteleza juu yake. Vuta kila droo mpaka mwisho, polepole. Ikikwaruza au ikiruka, gololi zimetoka au zimekauka grisi. Ikigoma kuingia yote, usiisukume kwa goti: mara nyingi kuna karatasi imeangukia nyuma. Toa droo, pitisha mkono, uitoe hiyo karatasi.

Halafu fungua droo ya chini na ujaribu kuvuta ya juu. Lazima ikatae. Kuna kizuizi ndani kinachoruhusu droo moja tu kwa wakati, kwa sababu droo mbili zilizojaa zikitoka pamoja kabati zima linakuangukia. Zikifunguka zote mbili, kizuizi kimekufa. Zikigoma zote, angalia kama kuna moja haijafungwa sawasawa. Ukianza kupanga, jaza droo za chini kwanza, na uweke pima maji juu ya kabati: likiinama mbele, droo zitakuwa zinajifungua zenyewe.

Jambo moja huwaponza wengi. Makabati mengi ya Uingereza yana upana wa fulskepu, karatasi ndefu ya zamani ya inchi 8 kwa 13, si A4. Ukinunua mafaili ya kuning'inia ya A4, ndoano hazitafika kwenye kingo za droo za kuning'inizia na faili litadumbukia. Nunua ya fulskepu. Karatasi za A4 zinakaa humo bila shida.

Ufunguo ukikosekana usivunje kufuli. Soma namba iliyochongwa usoni pa kufuli. Kwa namba hiyo utaagiza ufunguo mwingine.

Niandikie vipimo vya mlango wa chumba kabla hujakodi gari la kubebea. Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Rafiki yako