Wastaafu wa sayansi waitwe kuusaidia mtaala mpya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie mwalimu wangu wa kemia, mama aliyestaafu mwaka 2012 baada ya miaka 34 ya utumishi, kwa kuwa naamini ujuzi wake na wa wenzake unaachwa upotee wakati ambapo shule zinauhitaji kuliko zamani.

Alinifundisha kidato cha pili mwaka 1988, katika shule ambayo maabara yake ilikuwa na meza na mabomba yasiyotoa maji. Alipofika mada ya asidi na besi, alituagiza tulete choya (maua mekundu ya rosela), ndimu na majivu ya jikoni. Aliichemsha choya kwenye sufuria, akamimina yale maji mekundu katika bilauri, kisha akamtaka kila mmoja wetu adondoshe maji ya majivu, tone baada ya tone, hadi rangi igeuke kuwa ya kijani, na aandike alichokiona kabla hajafungua kitabu. Mimi mwenyewe nafundisha kemia sasa, na mada hiyo naianza kwa choya.

Katika miaka ya tisini alihamishiwa Taasisi ya Elimu Tanzania kuwa mkuza mitaala, akapanda hadi kuongoza wenzake. Huko kila jaribio lililopendekezwa kuingizwa katika muhtasari wa somo alilipima kwa swali moja: mwalimu mwenye wanafunzi themanini na asiye na gesi atalifanyaje? Alikuwapo mtaala wa sekondari ulipogeuzwa mwaka 2005 ili ujenge umahiri badala ya kukaririsha, na katika kipindi hichohicho aliona fizikia na kemia zikiunganishwa kuwa somo moja, kisha zikitenganishwa tena baada ya muda mfupi, huku walimu wakibaki na maazimio ya kazi, yaani mipango yao ya kufundisha, yasiyofaa tena. Mtu aliyeyapitia hayo anajua mageuzi hukwama wapi. Kwa maoni yangu hukwama katika andalio la somo, siku ile mwalimu anapokaa peke yake usiku kujiuliza kesho aanzie wapi.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024. Majengo ya maabara tuliyoyachangia wananchi wakati wa Rais Kikwete yapo, na walimu vijana wapo pia, wenye moyo na elimu nzuri. Wanachokosa ni mtu wa kukaa naye. Mwaka jana nilimwomba mwalimu wangu aje shuleni kwetu. Alikuja kwa nauli yake mwenyewe, akakaa dawati la nyuma vipindi vinne mfululizo, na jioni akayapitia maandalio ya walimu wawili wa ajira mpya, mstari kwa mstari, bila kumfedhehesha yeyote. Wiki iliyofuata mmoja wao alifanya jaribio la kwanza tangu aajiriwe.

Kwa hiyo naziomba halmashauri ziwe na orodha ya walimu wa sayansi na wakuza mitaala waliostaafu, wawe wanaitwa siku chache kila muhula, walipwe nauli na posho, na wafanye kazi bega kwa bega na wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi. Mwalimu wangu amevuka miaka sabini. Ameniambia kwamba akipata usafiri yuko tayari kuja siku mbili kwa wiki.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro