Vijana wa mifumo Mbeya, kakaeni kaunta kwanza

Wanangu mnaotengeneza mifumo ya kompyuta ya maduka hapa Mbeya, na nyie wa Iringa, Njombe na Makambako mlioko kwenye vikampuni vya watu wanne watano, marahaba, sasa nisikilizeni maana juzi nimekasirika kweli.

Nimeingia duka la mchele Uyole, kompyuta mpya ipo mezani, mfumo upo, ila binti wa kaunta anaandika kwenye daftari. Namuuliza vipi mwanangu, mfumo umekufa? Ananiambia haujafa mzee, unataka kilo tu, na wateja wangu wananunua kwa debe na nusu debe, debe la mchele huu halilingani uzito na la ule, nikianza kutafuta kilo foleni inafika barabarani. Kwa hiyo mchana anauza kwa daftari, jioni akishafunga ndo anaingiza kilo za kubuni ili bosi apate ripoti. Kilo za kubuni! Nikampigia kijana aliyeutengeneza, eti "mzee mimi ni developa, mambo ya wateja siyo idara yangu". Idara ipi baba, ofisi yenyewe mko watatu na mmoja ndo bosi?

Kwenye kampuni kubwa sawa, kuna wa kumsikiliza mteja, wa kuchora skrini, wa databesi, wa kutesti, wa kuangalia seva, wewe unaandika kodi yako ya programu unaenda kulala. Huku wote hao ni wewe. Na kati ya kazi zote hizo mnayoikimbia ni hiyo ya kwanza, ambayo haitaki hata bando, inataka ukae kwenye stuli nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi, ufunge mdomo, uangalie mkono wa keshia unaenda wapi. Ungekaa siku moja tu debe ungeliona.

Mengine nayataja tu. Paswedi zisikae kichwani mwa mtu mmoja. Git, programu ya kutunza kila toleo la kodi yenu, ipo tangu 2005, acheni mafolda ya "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho ya leo". Toleo jipya la mfumo msipandishe tarehe wahasibu wanafunga mahesabu. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ikae nje ya duka, na mjaribu kuirudisha kabla ya balaa. Namba za simu za wateja siyo zenu za kuondoka nazo, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022.

Ila siwaonei nyie tu. Chuoni mmefanyishwa mtihani wa programu kwa kalamu na karatasi, nani aliwahi kuwapeleka sokoni Mwanjelwa mkaone watu wanavyouza? Na nyie mabosi ndo kabisa, kijana mmoja atengeneze mfumo, avute waya wa intaneti, aposti Instagram, abadilishe wino wa printa, halafu mfumo ukichelewa mnamwita mvivu, akiondoka mnalia kawaroga. Mwandikieni mkataba unaotaja kazi zake, na mkimwongezea kazi muongeze na hela. Printa mtafutieni fundi.