Barua kwa Masika, kabla ya Alhamisi

Goma, Majengo

Masika mama,

Sisi wazima, Mungu anasaidia. Habari kwamba ile shule ya Marekani ya kusomea ushauri nasaha imekuita kuhojiwa Alhamisi tumezipata kwa shangazi yako huko Kampala kabla ya kuzipata kwako, na hilo nimeliweka moyoni. Baba yako amekwisha kuwatangazia watu wote wa kanisa. Anatembea utadhani yeye ndiye anayehojiwa.

Sasa sikiliza. Shangazi yako alinitumia kwenye simu ile barua yako ya kuomba nafasi, akidhani nitafurahi. Kanyere amenisomea kwa Kiswahili, anakwama, anaendelea. Ukurasa wa kwanza ni ndugu yako Muhindo. Wa pili ni Muhindo tena. Jina lake, mtaa wetu, usiku ule, mpaka kamba umeiandika. Ulimwomba ruhusa?

Mambo yenyewe siyarudii, ulikuwepo. Nauliza tu kama ulimwomba.

Wewe mwenyewe ulinieleza tukitwanga sombe kwamba mshauri nasaha akiambiwa siri ya mtu anakaa nayo, isipokuwa mtu huyo anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Nilielewa vizuri sana. Nikajisemea, hii ndiyo kazi tunayoikosa hapa, maana kwetu ukimlilia mtumishi wa Mungu Ijumaa, Jumapili unajikuta unahubiriwa bila kutajwa jina. Nilijivuna siku ile, sikukuambia. Halafu wewe, kabla hata hujaingia darasani, unaanza na siri ya ndugu yako.

Usiniambie wazungu hawamjui. Wakongo wako kila mahali Marekani, na shule za Kikristo ndizo zinazowapenda. Hakosekani mtu wa Beni au Bukavu anayepiga simu nyumbani kila Jumapili. Muhindo ana meza yake ya kutengeneza simu karibu na soko la Virunga. Watu wanamwachia simu zenye picha zao na pesa zao, wanaingia sokoni, wanarudi. Jioni anatoa kidonge chake, anakikata katikati kwa wembe ule ule wa kuchuna nyaya, nusu anameza na chai, nusu anaifunika kwa kifuniko cha soda mpaka asubuhi. Hakuna anayemkumbusha. Na ukoo wa yule msichana wa Butembo wanakuja kuongea mambo ya mahari. Je, ukoo huo ukiletewa karatasi yako?

Na pale ulipoandika kwamba tulimpeleka kwenye maombi ya kufunga kwa muda mrefu kabla ya kumpeleka Tulizo Letu, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Sawa. Lakini ungeandika pia aliyempeleka Tulizo Letu ni nani, tena baba yako akiwa hataki. Wale mabruda hawakutuuliza tulichelewa wapi. Umeuliza wewe, tena kwa Kiingereza.

Najua shule hizo zinataka ueleze imani yako, na barua ya mchungaji, na sababu ya kuchagua kazi hii. Mchungaji ameandika. Aliniuliza, "Ushauri nasaha? Si ndiyo kazi yangu hiyo?" Nikamjibu ndiyo, ila huyu atasomea. Kanyere amenisomea na masharti yao: krediti 60, saa 100 za mwanzo chini ya msimamizi, kisha saa 600 za mazoezi, na 240 kati ya hizo uso kwa uso na wenye shida. Baada ya hapo shahada peke yake haikupi kazi, kila jimbo lina leseni yake, lina mtihani, na saa nyingine nyingi za kusimamiwa. Hakikisha shule ina programu yenye ithibati ya CACREP, lile baraza la Marekani linalokagua masomo ya ushauri nasaha, nasikia ikiwa nayo leseni inakuwa rahisi. Si kila shule yenye msalaba kwenye nembo inayo. Ukirudi hapa hakuna atakayekuuliza leseni ya jimbo la Colorado, lakini kuhusu kurudi tutaongea siku nyingine.

Alhamisi ongea polepole. Usiinamishe macho kama unavyofanya mbele ya wajomba zako, kule watadhani unaficha kitu. Wakikuuliza kwa nini unataka kazi hii, sema habari zako. Wewe pia hukulala mwaka ule. Ulikuwa unaamka kupima mlango kama umefungwa, unarudi, unaamka tena. Nilikuwa nakusikia, nikanyamaza, mtoto mmoja alikuwa amenitosha. Katika kurasa zote mbili sijaona mahali ulipoandika kwamba hukulala. Muhindo umemvua nguo, wewe umejifunika.

Piga simu yake, si yangu. Muulize leo, kabla ya Alhamisi. Akikataa, waandikie shule ufute jina angalau.

Pesa: umesema karatasi ya I-20, ile ya shule ya kuombea visa, haitoki mpaka uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza. Benki hapa zilifungwa Januari 2025, unajua. Zamu yangu ya likirimba, ule mchango wa kupokezana pesa, inakuja, baba yako anataka kununua mabati, mimi nimesema mabati yatangoja. Ni kidogo mbele ya ada yao, itabidi wakupe msaada wa masomo, waombe bila haya.

Kanyere anajiandaa kwa mtihani wa Serikali, anataka kikokotozi chako, kile cha zamani. Makala ya kupikia yamepanda bei tena. Maji ya bomba yanakuja usiku tu, tunaamka kupanga mabidoni.

Relevé zako, zile karatasi za alama, nimezifuata chuoni ULPGL mwenyewe, zina muhuri. Ziko kwenye bahasha ya kaki. Mama mmoja anayeuza vitenge anavuka Gisenyi Jumanne, ataziweka kwenye basi la Kampala pamoja na sambaza kavu, wale samaki wadogo, za shangazi yako. Sambaza nimezifunga kwa plastiki mara mbili, lakini toa bahasha kwanza, na usiifungue kabla ya kumpelekea mtafsiri.

Mama yako