Sanamu za wadudu zisikosewe miguu

Mhariri,

Naunga mkono mradi wa jamii wa kupamba sanamu za wadudu. Mwaka 2018 jiji la Manchester, Uingereza, lilipambwa kwa sanamu zaidi ya 100 za nyuki, kila moja na rangi zake, nao watu wakazizungukia kwa miguu.

Wachoraji, rangi pakeni mtakavyo, ila umbo msilichezee. Mdudu ana miguu sita, yote imeota kifuani, si tumboni. Nyuki ana mabawa manne, nzi mawili. Buibui ana miguu minane. Jamani, huyo si mwenzao!

Halafu mbona kila mtu anamkimbilia kipepeo? Mbawakawa anayefukia kinyesi cha ng'ombe na kurutubisha malisho naye apewe sanamu, tena kubwa.

Mwalimu mstaafu wa sayansi