Barua kwa binti yangu: ufunguo wa bweni unakaa na nani?

Kariobangi, Jumatano usiku

Mwanangu,

Mamako alirudi kutoka siku ya wageni akaanza kusimulia kabla hata hajavua viatu. Kwamba ulishinda. Kwamba uliapishwa mbele ya shule nzima, na beji ya rais wa baraza la wanafunzi imekukaa vizuri kifuani. Nilifurahi, mama. Nilitoka nikamwambia jirani, nikamwambia na mwenye duka. Halafu mamako akaongeza, akicheka, kwamba siku hizi wewe ndiye unayefunga bweni saa nne usiku, na ufunguo unalala chini ya mto wako.

Yeye aliona ni heshima, na nadhani hata wewe unaona hivyo. Mimi tangu Jumapili nalala usingizi wa mang'amung'amu. Ufunguo huo usikae na wewe.

Nisikilize kabla hujanuna. Jana stima ilipotea hapa mwendo wa saa tatu. Nikachukua kufuli la kazini, lile kubwa, nikalifunga kwenye mlango wa jikoni kwa ndani, ufunguo nikauweka chini ya mto. Nikajilaza, nikamwambia mdogo wako apige kelele kisha ahesabu kwa sauti. Nilipoinua mto, ufunguo ukateleza ukaangukia upande wa ukutani. Nikaupata. Nikapapasa mlango, nikalipata kufuli, ufunguo nikauingiza kichwa chini miguu juu, ukakwama. Mpaka mlango unafunguka, mdogo wako alikuwa amefika 43. Nikarudia. Mara ya tatu ikawa 31. Na mimi ni fundi, nashika makufuli kila uchao, na jikoni hakukuwa na moshi wala wasichana tisini wananisukuma mgongoni. Wewe bila miwani hata kidole chako hukioni.

Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha tatu kama wewe, shule moja huko Machakos. Machi ya mwaka huo bweni la shule ya Kyanguli, huko huko Machakos, liliungua usiku, wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kwetu tulikusanywa asubuhi gwarideni, mwalimu wa zamu akashindwa kumaliza kusema. Siku chache tukalala milango wazi. Baada ya wiki mbili hivi kufuli likarudi mahali pake na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa kiranja. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Siku zetu kiranja alichaguliwa na mwalimu mkuu, kwa hiyo ungemuuliza nini? Nyinyi mmepigiwa kura. Hayo hayakuja bure. Ni baada ya migomo ya 2008, shule nyingi zikifungwa, ndipo mwaka uliofuata likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, na shule zikaanza kuwaachia wanafunzi wajichagulie viongozi. Una kikao, una katibu, una kitabu cha kumbukumbu. Mimi nilikuwa na filimbi na kiboko.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi umrudishie matroni ufunguo halafu yeye akalale nao nyumba ya walimu huku nyinyi mmefungiwa. Hiyo ni mbaya zaidi. Nasema kufuli liondoke kabisa. Najua kwa nini wanafunga: wezi, wasichana kutoroka, wenye simu za kujificha. Ni sababu za kweli na usizidharau unapoongea nao. Lakini Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na umesema wazi: mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe mita 1.2, na ile njia ya kupita isipungue mita 2. Hayo si maoni ya babako, ni ya serikali. Mwalimu mkuu anayo nakala ofisini au anajua pa kuipata.

Nimekutumia tepu yangu ndogo. Pima. Usipime kwa macho. Pima vitanda, pima mlango, hesabu madirisha yenye vyuma, andika kwenye karatasi, halafu jambo hilo liingie kwenye ajenda ya kwanza ya baraza, kabla ya burudani, kabla ya chakula. Usilipeleke kwanza kwenye kile kikao chenu mnachokiita kamukunji. Najua mnakipenda, na jina lenyewe mmelitoa kwenye uwanja ulio karibu na ninapofanyia kazi, pale watu walipotawanywa na polisi tarehe 7 Julai 1990 wakidai vyama vingi. Lakini mambo ya kufuli yakipigiwa kelele na wasichana 180, walimu watasikia mgomo, hawatasikia mlango. Nenda ofisini na makamu wako na katibu, mkiwa watatu, na karatasi mkononi.

Wakikubali, komeo nimeshatengeneza. Linafungwa kwa ndani, linafunguliwa kwa mkono mmoja, halina ufunguo. Liko kazini, nimelizungushia gazeti. Na vyuma vya madirisha wakitaka vitoke nitakuja na grainda yangu, sitaki hata nauli.

Kuhusu vyuma hivyo. Januari 2024, wakati ule tulipokuwa tunahangaikia karo yako ya kidato cha kwanza, nilipata kazi ya madirisha 12 ya bweni, shule fulani nje ya mji. Niliyachomelea vizuri, kila kona mara mbili. Septemba ya mwaka huo ndipo watoto 21 wakafa kwenye moto wa bweni kule Nyeri. Niliwapigia simu wale watu wa shule, wakasema watanipigia. Hawajapiga, na sijapiga tena. Sweta lako la kwanza lilitoka kwenye hela hiyo. Basi.

Ufunguo, mama. Usiku wa leo uko wapi?

Mamako anasema uliahidi chapati kila Ijumaa. Hilo halikunifurahisha. Wasichana 180, mbili mbili, ni chapati 360. Hapa nyumbani pakiti ya kilo mbili mamako hutoa chapati ishirini, kwa hiyo ni pakiti 18 kila Ijumaa kabla hujanunua mafuta, na wapishi wenu ni wawili. Ulipiga hesabu hiyo kabla ya kusimama mbele ya watu? Waambie ukweli mapema. Kaa na mhasibu, uliza kama mara moja kwa mwezi inawezekana, na mkubaliane nyinyi wanafunzi mtasaidia kusukuma. Ahadi ya mdomo ni deni hata kama ilitolewa kwa kushangiliwa.

Na yule rafiki yako mliyeshindana naye. Mamako alimwona amekaa na wazazi wake peke yao, wewe ukazunguka upande wa pili wa uwanja. Tangu kidato cha kwanza mnakula sahani moja! Shule yenyewe ina madarasa matatu: kidato cha nne, nyinyi, na hawa wa Gredi ya 10. Hakuna pa kujifichana. Alipata kura za kutosha, maana yake kuna wasichana wanaomwamini kuliko wewe, na ukiwa na jambo la mlango utawahitaji hao. Mwendee wewe. Usingoje aje yeye kwa sababu eti ndiye aliyeshindwa. Muombe mpime vitanda pamoja. Tepu inahitaji watu wawili.

Hao wa Gredi ya 10 msiwatume maji wala kuwafulisha. Nyinyi ndio mtakaofunga mlango wa mfumo wa 8-4-4 kwa mtihani wa KCSE wa 2027, msiwaachie wenzenu tabia zetu.

Fanki ya mwezi ujao, hiyo dansi yenu na wavulana wa shule jirani, nenda, cheza, rudi na wenzako wote ukiwa umewahesabu. Sina zaidi hapo.

Miwani yako imetengenezwa. Fundi wa mjini ameweka mkono mpya upande wa kulia, usiilalie tena. Nyanya yako goti limepungua uvimbe, anauliza kama rais wa shule bado anaweza kuchuma mbaazi Agosti. Maji hapa siku hizi yanakuja Alhamisi pekee, kwa hiyo mamako amenunua mtungi mwingine na sasa hatuna pa kupita jikoni. Mdogo wako amehamia kitanda chako, nimemwambia atatoka ukifunga shule. Bawaba ya sanduku lako nimesikia imekatika. Nililikata bati mwenyewe na bawaba niliweka ya bei ya chini, nitakuletea nyingine.

Sikuja Jumapili kwa sababu ya lile geti la mtaa wa Utawala. Mwenye nyumba alitaka likamilike siku hiyo na nikaona kazi haingoji. Geti lenyewe alilipokea Jumanne.

Tepu iko ndani ya soksi, pamoja na miwani. Irudishe, ndiyo ninayotumia kazini. Shangazi yako anayekuletea barua hii nimemwambia asiondoke getini kabla hujamwandikia jibu. Usiandike insha. Andika tu ufunguo uko wapi, na kama mlango wa pili wa bweni unafunguka.

Babako