Rakhi ifungwe pamoja na ahadi yenye kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji, hasa ndugu zetu Wahindu wa Dodoma na majirani zao, kwamba sikukuu ya Raksha Bandhan mwaka huu ni Ijumaa, Agosti 28, 2026. Siku hiyo dada humfunga kaka yake uzi uitwao rakhi kwenye mkono wa kulia, naye kaka humpa dada zawadi na ahadi ya kumlinda. Zawadi siku hizi haina tabu, inatumwa kwa simu. Ninayotaka kuisemea ni ahadi, maana ndiyo inayochukuliwa kimzaha.

Mantra, yaani maneno ya sala, inayosomwa wakati wa kufunga inamtaja mfalme Bali: kwa uzi uliomfunga Bali mwenye nguvu, nakufunga wewe, ewe uzi, usitikisike. Wanaoitamka bila kujua habari za Bali wanapitwa na kiini cha sikukuu. Vamana, yaani mungu Vishnu aliyejigeuza, alimwendea akiwa na umbo la Mbrahmini (mtu wa ukoo wa makuhani) mfupi, akamwomba ardhi ya hatua 3 tu. Bali akakubali. Shukra, mwalimu wake, akamwonya kuwa mwombaji ni Vishnu mwenyewe na kwamba atanyang'anywa kila kitu. Bali hakurudi nyuma. Hatua ya kwanza ikaimaliza dunia, ya pili ikazimaliza mbingu, na ya tatu ilipokosa pa kukanyaga akainamisha kichwa chake. Angalieni pia kwamba alichoahidi kilikuwa na kipimo: hatua 3, za ardhi, kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Sasa linganisheni na "nitakulinda daima". Maneno matamu, lakini hakuna siku ambayo dada anaweza kusema yametimia, wala siku ya kusema yamevunjwa. Kaka aseme kitu kinachohesabika: ada ya mtoto wako ya muhula wa kwanza nitailipa kabla shule hazijafunguliwa Januari, mama nitampeleka kliniki mimi kila mwezi, wewe upumzike. Aitamke mkono wake ukiwa bado mikononi mwa dada, wazazi wakisikia.

Kwa hapa Dodoma kuna ahadi moja inayostahili kutangulia zote, nayo ni ya ardhi. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, kiwanja cha urithi mjini si kitu cha kuachia maneno. Kaka anayemwambia dada yake "usiwe na wasiwasi na kiwanja cha baba" hajaahidi chochote. Aseme hivi: hakitauzwa wala kuwekwa rehani bila sahihi yako. Kisha waandike, waweke sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio na maslahi, kila mmoja abaki na nakala. Wapo wanaoona karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona ni heshima, kwa sababu kaka akifariki, watoto wake watajua alichokisema.

Kuhusu saa, msinakili kalenda za India zinazosambazwa kwenye simu. India imetutangulia kwa saa 2 na nusu, kwa hiyo saa yao ipunguzwe kiasi hicho. Purnima, yaani siku ya mwezi mpevu ambayo ndiyo ya sikukuu, mwaka huu inakwisha Ijumaa kama saa 1 na robo asubuhi kwa saa zetu, na Bhadra, ile nusu ya kwanza ya Purnima ambayo watu huepuka kufunga rakhi, itakuwa imeshapita tangu Alhamisi jioni. Lipo na jambo ambalo kalenda za kule huenda zisilitaje: alfajiri ya siku hiyohiyo mwezi utapatwa kwa sehemu. India hautaonekana, ila huku kwetu utaonekana upande wa magharibi kabla haujatua. Familia zinazoshika miiko ya kupatwa kwa mwezi zimuulize kuhani wa hekalu mapema, si asubuhi hiyo.

Sinia iandaliwe usiku: kumkum (unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso), punje za mchele zisizovunjika, taa ya samli, kitu kitamu na rakhi yenyewe. Kumkum ilowekwe kwa matone machache tu ya maji. Ikiwa kavu, kwa hewa ya Dodoma itapukutika. Ikizidi maji, mchele haugandi kwenye paji la uso. Upepo wa Agosti huzima taa, basi fanyieni ndani ya nyumba. Dada na kaka kwa kawaida hawali kitu mpaka uzi ufungwe. Rakhi za nailoni zenye vito vya plastiki zinateleza na fundo hufunguka kabla ya jioni. Uzi wa pamba uliofungwa mafundo 3, ukiacha nafasi ya kidole kimoja, unakaa. Aliye mbali atumiwe bahasha wiki 2 kabla, kumkum ikiwa kwenye kimfuko chake ili isimwagike, na binti au jirani wa huko amfunge kwa niaba.

Wengi huuvua uzi siku ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, ambayo mwaka huu ni siku 7 baadaye, na desturi ni kuuweka kwenye maji yanayotiririka. Mito yetu mwezi huo ni mchanga mtupu, basi ufukieni chini ya mti. Hapo tena pamba inafaa, maana nailoni haiozi.

Ahadi ipewe tarehe, na tarehe ipo tayari: Bhai Beej, mwezi Novemba, siku chache baada ya Diwali, kaka anapokwenda kula nyumbani kwa dada yake kama Yama, mungu wa mauti, alivyokwenda kwa dada yake Yamuna. Hapo mezani dada aulize bila kuona aibu: lile ulilosema Agosti limefikia wapi? Kaka ambaye mambo yamemwendea kombo asikwepe mwaliko huo. Atangulize habari kabla ya siku, aeleze kimekwama nini na ataleta lini, kisha aende akale.

Msomaji wako,
Uhindini, Dodoma